Madame wa Masanduku Matatu

Tulimwita Madame, basi. Kwenye kartie yetu, yaani mtaa wetu, njia ya kwenda Musonoi, kina Madame ni wengi, kila shule ya msingi ina wa kwake wawili watatu, lakini ukisema umetoka kwa Madame hakuna atakayekuuliza yupi. Jina lake la ubatizo nalijua. Siliandiki hapa kwa sababu yeye hakutaka liwekwe mahali ambapo hakuliweka kwa mkono wake mwenyewe, na ipo karatasi moja aliyokataa kuliweka, nayo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika haya.

Karatasi ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kampuni iliyo ng'ambo ya ua wa waya hulipua mwamba shimoni karibu na saa sita mchana. Kinaanza king'ora, kisha ardhi inaruka, sahani zinagongana kabatini, na ufa ulioanzia dirishani unateremka kidogo kuelekea sakafuni. Karatasi ilisema nyufa zetu ni za matofali mabovu na mvua, kwamba sisi tuliotia sahihi tumekubali hivyo, hatutadai kitu, na tutahama tutakapoambiwa. Matofali mabovu, eti. Marehemu baba yangu aliyachoma yale matofali kwa mikono yake, tanuri mbili nzima, na nyumba ilisimama miaka yote hiyo bila ufa wa kupitisha kijiti. Mi bado nakasirika, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Madame alikuwa amefundisha umeme kwenye shule ya ufundi mpaka walipomwambia akapumzike. Hakupumzika. Karatasi ilipopita nyumba kwa nyumba, aliisoma mlangoni akiwa amesimama, akamrudishia kijana aliyeileta, akamwambia ampe siku kadhaa atafute jibu. Jibu lake lilikuwa masanduku matatu ya bati, kila moja na karte yake ya kompyuta ndani na kihisi cha mtetemo kilichofungwa chini kwa saruji. Moja aliliweka chumbani kwake, la pili kanisani, la tatu kwenye shule ya msingi. Mlipuko ukipiga, kila sanduku linaandika saa na nguvu. Sanduku moja peke yake wangesema limegongwa na mbuzi. Mawili, wangesema lori limepita. Lakini matatu yaliyo mbalimbali yakiandika dakika moja, hapo hata mwongo anashikwa na haya. Ndivyo alivyotueleza, na ndivyo tulivyomwamini.

Mi nilikuwa fundi wa simu pale sokoni, naye alikuwa amenifundisha zamani na kunipa alama mbaya. Alinijia na beseni kichwani, sanduku ndani limefunikwa kitenge, akaniambia nifunge kibanda. Hakuuliza kama nina nafasi. Alikuwa hivyo, alikuchukua kama mtu anavyochukua kiti chake mwenyewe.

Sasa lazima niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, na anayeogopa kompyuta asikimbie, kwa maana mi pia niliogopa. Ile karte ni kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani. Kerneli ya Linux ndiyo programu inayoshika kila kitu ndani yake, yaani kumbukumbu, saa, na waya unaotoka kwenye kihisi. Lakini umeme ukiingia, kerneli haiamki yenyewe. Kuna programu ndogo inayoamka kwanza, inaitwa bootloader, na kazi yake ni kuitafuta kerneli, kuiweka kwenye kumbukumbu na kuiachia njia. Na kila bootloader ina namna yake ya kupokea. Madame aliilinganisha na mlinzi wa geti la mgodi, yule ambaye hata ukiwa umechelewa kazini na yeye anakujua kwa sura, bado anataka karatasi ya geti lake.

Angekuwa na fedha angenunua karte tatu za aina moja na hadithi ingeishia hapo. Hakuwa nazo. Karte ya kwanza, ya kanisani, ilitolewa kwenye mzani wa umeme uliokufa, tukaipata kwa wauza vyuma chakavu. Bootloader yake ilikuwa U-Boot ya zamani, na ilitaka kerneli iwe na etiketi fupi mbele, yaani lebo: hii ni kitu gani, iwekwe kwenye anwani gani ya kumbukumbu, ianzie wapi, na hesabu ya kuhakikisha hakuna kilichoharibika njiani. Ya pili, ya shuleni, ililetwa na mpwa wake kutoka Lubumbashi. Hiyo ilikuwa ya zamani pia na ilitaka etiketi vilevile, ila anwani zake zilikuwa nyingine na ramani yake nyingine. Ramani namaanisha lile faili linaloieleza kerneli karte ilivyojengwa, kumbukumbu iko wapi, saa iko wapi, kwa sababu kerneli ikiamka haijui iko katika nyumba ya nani. Kwa karte hizo mbili ramani inashonwa nyuma ya kerneli kabla ya etiketi kuwekwa mbele. Ya tatu, ya nyumbani kwa Madame, ndogo kuliko zote, haikutaka etiketi kabisa. Ilitaka faili lenye jina moja tu inalolikubali, ndani ya sehemu ya kwanza ya kadi ya kuhifadhia, na faili dogo la maandishi pembeni. Ukibadilisha jina herufi moja, inanuna.

"Kerneli iko moja," aliniambia siku ya kwanza. "Mageti iko tatu. Hapana kugombana na mulinzi. Muletee karatasi yake, na ile karatasi iseme kweli ya kile kiko mu muzigo."

Alifanya kazi kwa penseli. Alikuwa na kompyuta mbili, zote zinafanya kazi, lakini kila kifurushi alichofungasha kilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari la shule: karte gani, anwani gani, ramani gani, siku gani. Aliandika polepole, herufi za kuviringa za watawa waliomfundisha, na ukimharakisha alifuta mstari mzima akaanza upya kwa makusudi. Chai yake ilikuwa na sukari ya kuumiza meno. Bisibisi zake haziazimwi. Mchungaji wake alikuja kuazima moja ya kufunga kipaza sauti, Madame akampa maji ya kunywa na kumsindikiza mpaka barabarani, bila bisibisi.

Hakupanda taxi-moto, zile pikipiki za abiria, maishani mwake, angalau mi sikumwona. Alitembea. Beseni lenye sanduku kichwani, kutoka nyumbani mpaka shuleni, jua la Kolwezi kichwani na vumbi la malori miguuni, mwanamke wa umri ule. Vijana wa taxi-moto walimtania, wakamwambia Madame, panda bure, nao aliwajibu kwamba amesoma umeme na anajua kitu gani kinatokea mtu akigonga nguzo. Walicheka, lakini niliona walipunguza mwendo wakipita karibu naye.

Neno ambalo hakulivumilia ni "haiwaki." Ukimletea kitu ukasema haiwaki, alikuangalia kama umemtukana mama yake. "Hapana kuniambia haiwake," alisema. "Niambie inakufia wapi." Na kulikuwa na namna ya kujua. Kutoka kwenye kila karte aliunganisha waya mwembamba mpaka kwenye kompyuta, na kwa waya huo karte inaeleza mstari kwa mstari inafanya nini: nimeamka, nimehesabu kumbukumbu, nimeiona kerneli, etiketi nimeisoma, hesabu ni sawa, naiachia. Alitufundisha kusoma mistari ile kwa sauti, mimi na mtu mzima mwingine yeyote aliyepita hapo, hata mke wangu aliyekuja kunitafuta. Mahali mistari inapokatika, hapo ndipo kazi inapoanzia. Mi niliona ni kupoteza muda. Nisameheni, nilikuwa fundi wa simu, na kwa simu tunabadilisha kitu mpaka iwake.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyokaa pamoja. Kila asubuhi aliwasalimia walinzi wa ua wa waya, akawauliza watoto wanaendeleaje, naye alimpelekea mmoja wao dawa ya kikohozi. Walinzi walewale walimfukuza siku aliyokaribia ua na kipimo mkononi, na mmoja alimsukuma. Kesho yake akawasalimia tena. Nilipomuuliza kwa nini, alisema wako kazini, na kwamba hajasikia mlinzi hata mmoja akiandika karatasi. Lakini mzee mmoja wa kanisani aliyetia sahihi ile karatasi mapema, kwa hofu tu, alimnyima mkono miezi mizima. Nilimwona mzee yule akisimama mlangoni mwa kanisa na mkono umenyooshwa, na Madame akampita akiimba. Haikuwa haki, na nilimwambia. Akasema anajua.

Kuna siku alikuja mtu wa kampuni mwenyewe, kizibao cha manjano kipya kabisa, viatu havijaona tope. Alikuja kumshawishi kwa upole. Alipoingia, Madame alikuwa na risasi ya kulehemu mkononi na sanduku limefunguliwa mezani. Akamwambia ashike huu waya hapa, asitikisike. Yule bwana akashika. Akashika nusu saa. Kila alipofungua mdomo kuanza habari ya karatasi, Madame alisema sogeza kidogo kushoto, na yeye alisogeza. Alipomaliza alimshukuru, akampa chai, akamwambia sasa na yeye amefanya kazi kwenye sanduku la kartie, awaambie wenzake limejengwa vizuri. Bwana yule alitoka na kidole kimeungua na karatasi yake haijafunguliwa. Nacheka mpaka leo.

Sasa kosa langu. Nimelizungushia maneno ya kutosha.

Kamati ya wilaya ilikuwa imekubali, baada ya safari nyingi za Madame kwenda ofisini kwa miguu, kwamba itatazama maandishi ya masanduku yetu kwa mwezi mmoja wa milipuko. Mwezi mmoja, masanduku matatu, kisha kikao. Ikiwa yanakubaliana, karatasi ya matofali mabovu inakufa. Ikiwa hayakubaliani, kila nyumba itatia sahihi au itahesabiwa imegoma. Kila mtu kwenye kartie alijua hivyo, mpaka wauza mkaa.

Kabla ya mwezi kuanza, Madame aligundua saa za masanduku zinapotea umeme ukikatika, na kwetu umeme unakatika kila ukikumbuka kuwa upo. Akatengeneza kerneli mpya inayosoma saa yenye betri. Kwa hiyo vifurushi vyote vitatu vilipaswa kufungashwa upya. Alifungasha cha kwake na cha kanisani, akashikwa na malaria, akaniachia cha shuleni. Daftari lilikuwa wazi mezani, ukurasa umeandikwa. Nilichotakiwa kufanya ni kuchukua kerneli tupu, kushona nyuma yake ramani ya karte ya shuleni, kisha kuweka etiketi mbele.

Nieleze nilikotoka ili mnielewe, sitaki huruma. Kabla ya simu nilifanya kazi kwenye depo ya madini, nikishona magunia na kufunga etiketi. Kaka yangu alikuwa anachimba. Na kila aliyepita depo anajua kwamba gunia likikataliwa kwenye mzani huu, hulimwagi. Unakata etiketi, unafunga nyingine, linapita kwenye mzani ule. Gunia ni lilelile, mawe ni yaleyale, na jioni watoto wanakula. Mkono wangu ulikuwa umezoea hivyo. Nilipoona kifurushi cha kanisani kipo tayari kwenye kompyuta, kimefungwa, kizuri, na kerneli ni ileile, nilijiuliza nifungue tena ya nini. Nikakata etiketi ya mbele, nikaandika nyingine yenye anwani za karte ya shuleni na hesabu yake sahihi. Dakika tano. Nikajisifu.

Nilipeleka shuleni. Mvua ilikuwa inakuja, wateja wananisubiri, sikutoa waya wa kusomea. Niliingiza kadi, nikawasha, taa ya kijani ikawaka, nikafunga bati na kuondoka.

Etiketi ilikuwa sawa. Bootloader iliisoma, ikahesabu, ikaridhika, ikaiweka kerneli kwenye anwani yenyewe na kuiachia njia. Na kerneli ikaamka ikiwa na ramani ya kanisani imeshonwa mgongoni, ikatafuta saa mahali ambapo kwenye karte ile hakuna kitu, ikafia hapo bila kusema neno. Taa iliendelea kuwaka. Watoto wa shule waliipita kila asubuhi, walimu waliipita, mi mwenyewe niliipita mara mbili nikaiona taa na kufurahi. Siku tisa. Na katika siku hizo tisa ulipiga ule mlipuko mkubwa kuliko yote, uliomwaga saruji ya dari kwenye meza ya Madame na kumfanya mama jirani azae kabla ya siku zake.

Madame alipopona alikwenda mwenyewe na waya, akasoma mistari. Alirudi kwa miguu mpaka kibandani kwangu, na wateja walikuwepo. Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

"Mulinzi alifungua geti sababu etiketi ilisema vizuri," aliniambia. "Ile yote ulifanya ni kumudanganya mulinzi. Kerneli ulifikiri itafanya nini na nyumba ya mutu mwingine?"

Nililia, na mi ni mwanaume wa watoto wanne.

Jioni ile wazee wa kartie walikutana nyumbani kwake, na mpango ulikuwa tayari kabla sijaketi. Sanduku la kanisani limeandika siku zote, la Madame limeandika siku zote. Zinakiliwe namba za kanisani, zipunguzwe kidogo hapa, ziongezwe kidogo pale, ziwekwe kwenye sanduku la shuleni, nani atajua? Mlipuko ulipiga kweli, wote tuliusikia, si uongo. Mi nilikuwa wa kwanza kukubali, nilijitolea hata kuandika. Nilitaka kosa langu lifutike. Madame aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai wote, kisha akasema hapana. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, mtu mwenye heshima zake, alimwambia kwamba kiburi chake kitatulaza barabarani. Alikubali kwamba ni kiburi. Akasema hapana tena. Waliondoka bila kuaga, na wengine hawakumsamehe, nawajua.

Kwenye kikao Madame alisimama kabla hajaitwa. Walikuwepo watu wa kamati, watu wa kampuni na kizibao chao, na sisi nyuma kwenye mabenchi tukiwa tumevaa nguo za Jumapili. Aliweka madaftari mezani, akasema sanduku la shuleni lilikufa siku tisa kwa sababu lilifungashwa vibaya, kwamba hizi hapa kurasa zake tupu, na kwamba hakuna atakayeandika kitu juu yake. Hakunitaja. Nilisimama mwenyewe, nikasema ni mimi, na sauti yangu ilikuwa ya panya, lakini nilisema. Mkubwa wa kampuni alitabasamu kwa upole mwingi, akaiambia kamati kwamba mnaona wenyewe, vifaa vya namna hii haviaminiki.

"Yetu ilikufa siku tisa, na mi mwenyewe nabaambia," Madame akamjibu. "Yenu, hatuyaiona hata siku moja. Mulete yenu. Tuiweke pembeni ya yetu, ku kibambazi yangu, na yote mbili iandike."

Mabenchi yaliinuka. Sijawahi kusikia kelele kama ile kanisani wala mpirani. Kamati ilinong'ona, ikaandika: kampuni ilete chombo chake, kiwekwe kwenye ukuta wa Madame, na sahihi zisubiri mpaka vyombo vyote viwili viandike mlipuko mmoja. Kampuni ilikubali upesi, kwa kuwa walidhani chombo chao kitasema mtetemo ni mdogo, au labda walijua kwamba kitakaa kimya. Kilikuja, kizuri, cheupe, na kilikaa wiki nyingi ukutani kikiwa na taa na hakikuandika hata nukta. Na huku karatasi ikaanza kuzunguka tena, kimyakimya, mlango kwa mlango, mara hii na vitisho. Nyumba moja ikatia sahihi, kisha tatu, kisha mtaa mzima wa chini. Watu walichoka, sitawahukumu. Mi sikutia. Madame hakutia.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kazini, macho yake yalikuwa yameshaingiwa na ukungu. Alinitumia ujumbe nije asubuhi. Nilimkuta na mgeni, fundi wa kampuni, kijana mpole aliyewahi kuketi darasani kwake miaka mingi baada yangu. Mkubwa wake alikuwa amemtuma akiwashe kile chombo cheupe kabla ya Jumatatu, siku ambayo kamati ingekuja kutazama namba zake na kufunga habari. Mwenye kuwauzia alikuwa ameshaondoka nchini, na fundi alikuwa amejaribu kerneli moja na nyingine mpaka kichwa kikamuuma. Akamwambia Madame, kwa unyonge, haiwaki. Nikajua ataulizwa nini, na aliulizwa.

Tukaunganisha waya. Madame hakuweza tena kusoma, kwa hiyo nilimsomea mistari mmoja mmoja, naye amefumba macho, kidole kinagonga meza. Bootloader ya chombo kile ilikuwa ya kisasa na ngumu. Ilitaka kila kitu kwenye furushi moja, kerneli na ramani na mafaili ya kuanzia, pamoja na orodha yake, na juu ya yote ilitaka muhuri wa kampuni, yaani alama ya siri ya kuthibitisha kwamba furushi ni lao. Furushi lisilo na muhuri, haligusi. Fundi alikuwa na muhuri kwenye kompyuta yake, ila ramani aliyoweka ilikuwa ya toleo lingine la karte. Madame alimwambia wapi pa kuangalia. Tulifungasha upya pamoja, saa tatu nzima, na safari hii mi nilifungua kila kitu na kushona kutoka mwanzo, nikamwonyesha fundi, naye akaandika. Ilipofika kwenye muhuri, fundi akaanza kuandika neno lake la siri, na Madame, asiyeona hata vidole vyake, akageuza uso akatazama dirishani mpaka alipoambiwa tayari.

Mistari ikateremka. Etiketi, hesabu, muhuri umekubaliwa, kerneli inaanza. Kisha mistari ikaendelea, mingi, mpaka mwisho. Chombo cheupe kikawa hai. Fundi alishika kichwa kwa mikono miwili akacheka kama mtoto.

King'ora kikalia tukiwa bado tunakunywa chai. Ardhi ikaruka, vumbi likateremka kutoka ufani, kikombe kikahama mezani. Madame akaniuliza sanduku letu limeandika nini. Nikamsomea saa na namba. Akamuuliza fundi lao limeandika nini. Fundi aliinamia kioo. Kisha akasoma. Dakika ileile, na namba ileile, isipokuwa tarakimu ya mwisho kabisa, ambapo yao ilikuwa kubwa kuliko yetu. Kilikuwa chombo chao, kwenye kerneli yenye muhuri wao, na kilikuwa kimeandika kitu ambacho matofali ya baba yangu hayawezi kukifanya.

Simu ya fundi ikalia, akasimama kuipokea. Alikuwa mkubwa wake, sauti tuliisikia wote, akiuliza kama kimewaka. Fundi akasema kimewaka. Akaulizwa kimesema nini. Akamwangalia Madame, akaniangalia mimi, akasoma namba mara mbili, taratibu, bila kupunguza. Upande wa pili yakaja maneno mengi ya haraka. Nilielewa neno moja tu: kizime. Nilijua kijana huyu ana kazi ambayo nusu ya Kolwezi inaitafuta, na nilishusha macho ili nisimwone akienda ukutani kukizima.

"Hapana, chef," alisema. "Siwezi. Iko mu nyumba ya mutu, na mwenye nyumba anakatala."

Madame, ambaye hakuwa ameulizwa wala kukataa kitu, akamsogezea kiti.